Tusiulize bei ya gari peke yake. Tuulize lita

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Bunia, Kisangani, Kalemie, Lubumbashi, na nyinyi wote wenye kutusoma mbali na nyumbani,

Kila mara mukubwa mumoja anapata gari mupya, sisi tunafanya kazi ile ile. Tunapiga picha, tunaituma ku WhatsApp, na tunaanza kubishana juu ya bei. Mumoja anasema dola elfu 60. Mwingine anasema hapana, ni elfu 120. Wa tatu anasema binamu yake eko Dubai na anajua bei ya kweli. Kiisha siku tatu kelele inaisha, tunarudia mambo yetu, na gari yenyewe haijamaliza hata tanki ya kwanza.

Hapo ndipo mambo inaanza. Bei ya kununua inalipwa mara moja, na watu wengi wanaiona. Esansi inalipwa kila juma, mipira na mafuta ya motere na garaji vinalipwa muda wote gari inatembea, na feza hizo zinapita mu budje fasi hakuna mutu anachungulia. Tunakasirika juu ya mulango, tunasahau nyumba.

Kwa hiyo leo tufanye hesabu. Chukua simu yako, fungua kalkulatrisi. Tutahesabu kwa lita, siyo kwa dola wala kwa franka, sababu bei ya lita ku Bunia siyo bei ya Lubumbashi, na bei ya stasio siyo bei ya kadafi mwenye bido pembeni ya barabara. Utachukua lita zetu, utazidisha na bei ya kwenu, utaona mwenyewe.

Gari tunayotaka kuzungumzia ni ile gari ya chini, ya milango 4, ya ngozi ndani, ya vioo vyeusi, yenye magurudumu yote 4 yanavuta. Ikiwa ni Corolla ya mwaka 1998 tunaiita taksi. Ikiwa ni ya mukubwa tunanyamaza na tunaachia njia. Nyuma yake kunaandikwa 4MATIC kama ni Mercedes, xDrive kama ni BMW, quattro kama ni Audi. Audi ndiyo ilileta hiyo quattro yake ku Geneva mu mwaka 1980, na tangu hapo wote wakafuata. Kwa nini waliitengeneza? Juu ya theluji na barabara za kuteleza. Mutu wa Chicago ao wa milima ya Uswisi anatoka asubuhi, barabara ni barafu, gari inayovuta na magurudumu 2 inaanza kucheza. Ile ya 4 inashika. Ni akili nzuri, hatuikatai. Lakini sisi theluji tuko nayo ku Ruwenzori, kule juu kabisa, na hatujasikia waziri mwenye kupanda kule na limuzini.

Mutu atajibu: sisi tuko na matope, magurudumu 4 itasaidia. Hapana, ndugu. Gari hizi ziko chini. Tumbo ya gari na udongo, kati yao ni karibu sentimeta 15, wakati mwingine chini ya hapo. Mu matope ya kweli, ile ya masika, gari inakaa na tumbo, magurudumu yote 4 yanazunguka pasipo kushika kitu. Kinachosaidia mu njia zetu ni kuwa juu. Ndiyo maana Land Cruiser ya zamani inapita na limuzini ya milioni inavutwa na kamba. Mu muji, juu ya lami, ile nguvu ya magurudumu 4 haina kazi, inabaki uzito wa kubeba tu.

Sasa namba. Serikali ya Marekani iko na desturi moja nzuri: kila gari inayouzwa kule inapimwa esansi, na matokeo inatangazwa kwa wote, mutu yeyote anaweza kusoma ku intaneti. Tumechagua Lexus LS 460 ya karibu mwaka 2010, sababu mbili. Ni gari ya wakubwa kweli, motere ya V8 ya lita 4.6, uzito karibu toni 2. Na iliuzwa namna mbili: moja inavuta na magurudumu 2 ya nyuma, nyingine na yote 4. Kwa hiyo tunaweza kuona magurudumu 4 yanakula nini peke yake.

Ile ya magurudumu 4 wanaiandika maili 16 kwa galoni mu muji, 23 ku barabara kubwa, 18 ukichanganya. Kwa lugha yetu: mu muji lita 14.7 kwa kilometa 100, ku barabara kubwa lita 10.2, ukichanganya lita 13.1. Ile ya magurudumu 2 ni 16, 24 na 19, maana yake ukichanganya ni lita 12.4. Umeona? Tofauti ni lita 0.7 tu kwa kilometa 100. Ukitembea kilometa elfu 20 kwa mwaka, magurudumu 4 yamekuongezea karibu lita 140. Siyo bure, lakini siyo hiyo inafungua tundu mu mufuko.

Tunasema hivi sababu tunapenda haki hata kwa gari. Watu wengi wanasema «ni 4x4 ndiyo maana inakunywa». Hapana. Inakunywa sababu iko na toni 2 na motere ya V8, na sababu mu muji kila fasi unafunga freni: esansi uliyotumia kwa kusukuma toni 2 inageuka joto mu freni, kiisha unaanza tena. Ambuteyaji, polisi wa rulaji, shimo, muchuuzi anavuka, chukudu inateremuka. Kila mara toni 2 zinasimama, kila mara toni 2 zinaanza. Toyota Corolla ya 1.8, ya miaka ile ile, iko na kilo karibu 1250, na Wamarekani wanaiandika kama lita 9 mu muji na 8 ukichanganya. Magurudumu yake ni 4 vilevile, na yote yanagusa udongo, ila ni 2 tu zinavuta. Mukubwa anafika ku kazi saa ile ile, sababu ambuteyaji haiangalie plaki. (Isipokuwa kama iko na siren. Tutazungumza siren siku ingine.)

Na usidanganywe na neno «ibridi». Lexus hao hao walitengeneza LS 600h, ibridi, magurudumu 4, na watu walisema sasa kitajiri kimekutana na mazingira. Namba ya Wamarekani ilikuwa karibu maili 21 kwa galoni, maana yake lita 11 kwa kilometa 100. Ibridi ndogo ya Toyota, Prius ya 2010, inafanya maili 50, maana yake chini ya lita 5. Batri ni batri, lakini ukiitia mu gari ya toni 2 na V8 ya lita 5, inafanya kazi ya kumusaidia mulevi kupunguza chupa moja.

Tufanye hesabu ya mandat moja, miaka 5. Kilometa elfu 20 kwa mwaka, yote mu muji, sababu kazi ya mukubwa iko mu muji. Lita 14.7 mara 200 ni lita 2940 kwa mwaka. Mara 5 ni lita 14700. Gari moja. Shofere mumoja. Mutu mumoja nyuma anasoma simu.

Sasa angalia motari wa karibu na kwenu. Moto yake ya 125 inakunywa karibu lita 2 na nusu kwa kilometa 100. Ile lita 14700 inamupeleka kilometa 588000. Tuseme anafanya kilometa 150 kwa siku, siku 300 kwa mwaka: ni miaka 13. Mandat moja ya limuzini moja ni miaka 13 ya motari anapeleka wamama sokoni, watoto masomoni, wagonjwa hospitali. Na yeye analipa esansi yake mwenyewe kila asubuhi, kwa chupa, mbele hajapata hata muteja wa kwanza.

Hiyo bado ni gari inayotembea. Tunafika sasa ku jambo linalotuuma zaidi, na ambalo hatusikie mutu analisema: gari iliyosimama.

Pita siku moja mbele ya biro yoyote ya serikali, saa nne ya asubuhi ku saa saba. Utaona gari ziko ku kivuli cha muti, vioo vimefungwa, motere inawaka, klima inapuliza, shofere amelaza kiti. Mukubwa eko ndani mu reunio. Akitoka hataki kukutana na joto. Motere ya ukubwa ule, ya lita 4.6, ikisimama na kuwaka tu, pasipo klima, inakunywa karibu lita 1 na nusu kwa saa. Walipima Wamarekani vilevile. Klima inaongeza juu yake. Tuchukue lita 1 na nusu peke yake, tuwe na huruma. Saa 3 kwa siku, siku 22 za kazi: ni lita 99 kwa mwezi. Kwa mwaka karibu lita 1190. Gari haijasogea hata metre moja, na tayari imekunywa zaidi ya tatu ya ile inakunywa ikitembea. Ile namba haitaonekana ku kilometraji, sababu kilometraji inahesabu njia, haihesabu usingizi wa shofere.

Hatumulaumu shofere. Shofere anafanya yenye ameambiwa, na wakati mwingine ule ndio usingizi peke yake anapata. Tunamulaumu mwenye kusema «usizime».

Esansi yenyewe inatoka wapi? Mashariki yetu inaipata kwa lori za tanki zinazotoka ku bandari za Mombasa na Dar es Salaam, zinavuka mipaka, zinalipa, zinafika. Ni safari ya zaidi ya kilometa elfu moja mbele lita haijaingia mu bomba ya stasio. Bei ku stasio inapangwa na serikali, kwa zone. Na ikiwa bei ya kweli ya kuileta inapita bei iliyopangwa, serikali inabaki na deni kwa kampuni za mafuta, ile wanaita manque à gagner, na deni hilo linalipwa na hazina ya inchi. Fikiria vizuri. Gari ya serikali inajaza tanki ya lita 84. Budje inalipa lita 84 ku stasio. Kiisha, kama tofauti iko, hazina inalipa tena tofauti ya zile lita 84. Ni feza yetu inanunua, na ni feza yetu inapunguza bei kwa ajili ya mwenye kununua. Musaada wa esansi waliuweka, wanatuambia, juu ya musafiri wa taksi. Musafiri wa taksi wanne wanagawana Corolla ya lita 9. Mukubwa mumoja anakula musaada wa lita 14.7 peke yake.

Garaji sasa. Hapo tutapita haraka, sababu kila mutu iko na mujomba fundi wa gari na anaweza kumuuliza, lakini mambo tatu lazima mujue.

La kwanza ni mipira. Gari ya magurudumu 4 inataka mipira 4 inayofanana: ukubwa moja, namna moja, na kuisha kwa kiasi kimoja. Kama moja ni mupya na tatu zimeisha, mupya uko na duara kubwa kidogo, inazunguka polepole kuliko zingine, na ile chombo ya katikati inayogawa nguvu mbele na nyuma inafanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Kwa Corolla, musumari ukipasua mupira na kwado ameshindwa kuushona, unanunua mumoja, ao miwili. Kwa limuzini ya magurudumu 4, fundi muaminifu atakuambia ununue mine. Na ni mipira ya inchi 18 ao 19, yenye ukuta mufupi, ile ambayo shimo moja la Bukavu linaipasua pamoja na janti.

La pili ni mafuta. Ile V8 inataka zaidi ya lita 8 za mafuta ya motere kila vidanji, wakati Corolla inataka lita 4 na kidogo. Kiisha kuna mafuta ya bwati ya vitesi, mafuta ya difransiele ya nyuma, na kwa magurudumu 4 unaongeza difransiele ya mbele na ile bwati ya katikati. Kila moja na mafuta yake. Ukisahau moja, hautaisikia leo, utaisikia mwaka ujao, na itasikika sana.

La tatu ni esansi yenyewe. Kiwanda kinasema gari hii inataka esansi ya oktani ya juu. Wewe unajua stasio ngapi ya kwenu inakupa kuchagua oktani? Motere ikipata esansi ya chini, kompyuta yake inasikia inagonga, inachelewesha moto ili isijiharibu, nguvu inapungua na lita zinaongezeka. Na siku stasio zote zimekauka na shofere amejaza ku bido, ile tuache, Mungu anajua ndani yake muko nini. Ongeza milima yetu: Goma na Bukavu ziko karibu metre 1500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, motere isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya saba ya nguvu. Walilipa farasi 357. Kwetu inafika na farasi 300, na inakula majani ya 357.

Hapa tunasema neno na vijana wenyewe, sababu hatutaki kuonekana kama tunachungulia wakubwa tu. Tunaona namna munaangalia annonce. Limuzini ya 2010, magurudumu 4, ngozi, ku Dubai ao ku Ubelgiji, kwa bei ya Corolla ya 2014. Na kuna kijana ameanza kuita familia, kaka wa Ulaya atume kidogo, mama auze kiwanja, «nitafanya nayo lokasio ya ndoa». Ndugu yetu, dada yetu, jiulize juu ya nini mwenyewe wa Ulaya anaiachia kwa bei ile. Anaiachia sababu amefanya hesabu tuliyofanya hapa juu. Gari ya kitajiri ikizeeka, bei ya kuinunua inashuka, lakini kiu yake haishuki, na bei ya plaketi za freni na amortisa ya hewa inabaki ile ya gari mupya. Lokasio ya ndoa ni siku ya Posho. Esansi, taksi za barabarani na assurance ni siku 7.

Turudi ku serikali. Je, inawezekana kufanya ingine? Ilifanyika. Mu Burkina Faso, Thomas Sankara kiisha kuingia ku utawala mu 1983 aliuza Mercedes za serikali na Renault 5 ikakuwa gari ya mawaziri. Wakati ule ilikuwa moja ya gari za bei ya chini zaidi kuuzwa kule. Inchi haikusimama sababu waziri amekunja magoti.

Mufano wa pili ni karibu na sisi, na ni muzuri zaidi sababu ulishindwa. Kenya, mwezi wa 6 wa mwaka 2009: waziri wa feza wakati ule, Uhuru Kenyatta, anasoma budje na anasema gari za serikali zisipite cc 1800. Wakanunua Volkswagen Passat kwa ajili ya mawaziri. Passat siyo gari ya maskini, ni gari nzuri, ila haikuwa Mercedes. Mawaziri wengine walikataa kurudisha gari zao kubwa, wengine walilalamika kwamba haifai kwa barabara za vijijini. Na miaka ikapita, gari kubwa zikarudi. Kwa maoni yetu kosa lilikuwa hili: walipima ukubwa wa motere, hawakupima lita zinazotumiwa. Mutu mwenye Passat ya cc 1800 anaweza kuiacha inawaka siku nzima chini ya muti, na mwenye gari kubwa anaweza kuiacha nyumbani na kupanda Passat siku ya kamera tu. Ukipima gari, watachezea gari. Ukipima lita kila mwezi na ukazitangaza, kuchezea ni kazi ngumu zaidi.

Hata sisi tulifanya kosa lile lile mu mwaka 2022, wakati wadeputé wa taifa walipewa jeep za Hyundai Palisade. Inchi mzima ilipiga kelele juu ya bei na juu ya nani amelipa, na kelele ilikuwa ya haki. Lakini Palisade ya esansi ya lita 3.8 na magurudumu 4, Wamarekani wanaiandika maili 21 kwa galoni, ni lita 11.2 kwa kilometa 100. Bunge iko na viti 500. Tuseme kila gari inafanya kilometa elfu 15 kwa mwaka: ni lita 840000 kila mwaka. Lori ya tanki ya lita elfu 35 inabidi ije mara 24. Ni hesabu yetu ya «tuseme», kila mudeputé anaweza kuleta hesabu yake ya kweli na tutafuta yetu kwa furaha. Shida ni kwamba hakuna daftari ambamo tunaweza kuisoma.

Daftari, ndiyo yenyewe tunataka. Kampuni yoyote ya usafirishaji, hata ya lori mbili, iko na kitabu mu gari: tarehe, kilometraji asubuhi, kilometraji jioni, lita zilizoingia, sahihi ya shofere. Muchana wa Posho mwenye kampuni anagawanya lita kwa kilometa. Akiona lita 25 kwa 100 anamuita shofere, anauliza: uliuza esansi, ao uliacha motere inawaka? Ni kazi ya dakika 5 na bik ya franka mia chache. Serikali inaweza kutangaza ile karatasi kwa kila gari yenye plaki ya serikali: siyo jina la njia, siyo saa ya kupita, sababu tunajua watatuambia «usalama». Kilometa, lita, mipira, garaji. Namba nne kwa mwezi. Adui gani atafanya nini na lita?

Na boni za esansi ziandikwe namba ya gari juu yake. Boni isiyo na namba ya gari ni feza, inauzwa barabarani kama unités za simu, na kila mutu anajua hivyo.

Wadeputé wanarudi ku nyumbani wakati wa vakansi ya bunge. Ndiyo wakati wanatuita mu mikutano na kutupa fulana. Katiba yetu, mu kifungu cha 138, inawapa silaha ya kuuliza serikali: swali la mudomo, swali la kuandika, interpellation, tume ya uchunguzi. Swali la kuandika halihitaji hata kusimama ku mikro. Kwa hiyo mukutano ukifika ku kwenu, vaa ile fulana kama unataka, inua mukono, na umuulize kwa heshima: Muheshimiwa, gari ulikuja nayo inafanya lita ngapi kwa kilometa 100? Akisema hajui, muulize shofere wake, eko pale inje, motere inawaka. Kiisha muulize muheshimiwa kama atapeleka swali la kuandika kwa waziri wa budje juu ya lita za gari zote za serikali za jimbo letu, na tarehe gani. Andika tarehe. Tutumie video na tarehe, na tutaziweka hapa, jimbo kwa jimbo, pamoja na jibu kama limekuja.